Rais Akianguka, Nani Anashika Usukani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, baina ya Alasiri na Magharibi, wakati kahawa tungu inamiminwa na kila mtu ni wakili. Mengine yaliletwa kwa simu na vijana wa Likoni na Kisauni baada ya Oktoba 2024, Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, alipobanduliwa na watu wakaanza kuulizana: na mkubwa wake naye akienda, itakuwaje? Nimejibu kwa Katiba ya Kenya ya 2010. Palipohitaji mfano wa mbali nimekwenda Marekani, kwa sababu huko serikali iliyochafuka kwa kashfa iliwahi kumpoteza naibu kisha rais mwenyewe ndani ya miezi kumi, na wa tatu akaapishwa bila risasi kulia.

Rais akiondoka kwa kashfa, tunarudi debeni?

Kwa kawaida, la. Hapa ndipo baraza hugawanyika, na wengi wamekosea. Ibara ya 146 inasema kiti cha Rais kikiwa wazi, Naibu wa Rais anakikalia na kumaliza muda uliobaki. Hakuna kura. Uchaguzi wa urais huja ndani ya siku 60 pale tu ambapo kiti cha naibu nacho kiko wazi, au naibu hawezi kushika. Hapo Spika wa Bunge la Kitaifa anakaimu mpaka mshindi aapishwe.

Kwa hiyo kabla hamjabishana kuhusu majina, ulizeni kwanza: siku ile Rais anatoka, kiti cha pili kina mtu? Chomboni, nahodha akianguka majini serahangi, msaidizi wake, anashika usukani na safari inaendelea. Lakini kama serahangi alikwisha shushwa bandari ya nyuma, mambo ni mengine kabisa. Karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye jambo hili.

Kiti cha Rais kinakuwa wazi kwa njia gani?

Nne: kufa, kujiuzulu, kushindwa kufanya kazi kwa maradhi ya mwili au akili (Ibara ya 144), na kubanduliwa (Ibara ya 145). Kashfa huingia kwa mlango wa pili na wa nne, na mara nyingi wa nne ndio unaomsukuma mtu atumie wa pili.

Mzee mmoja aliniuliza, "Maalim, barua ya kujiuzulu anampa nani, na yeye ndiye mkubwa?" Anamwandikia Spika wa Bunge la Kitaifa. Naibu akitaka kujiuzulu, yeye humwandikia Rais. Kwa Wamarekani barua huenda kwa waziri wa mambo ya nje. Ndiyo sababu barua ya Rais Richard Nixon, yenye sentensi moja tu, iliandikiwa Henry Kissinger.

Kubandua Rais kunakwendaje hasa? Nataka hesabu, si siasa.

Bunge la Kitaifa lina wabunge 349, ukimtoa Spika. Mbunge mmoja analeta hoja, lakini lazima aungwe mkono na theluthi moja ya wabunge wote, yaani 117. Sababu zinazokubalika ni tatu: kuvunja Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kuwepo sababu nzito za kuamini kwamba Rais ametenda jinai, au utovu mkubwa wa maadili. Bei ya unga si sababu. Kutompenda pia si sababu, ingawa ukisikiliza baadhi ya hotuba unaweza kudhani imo.

Hoja ikipata theluthi mbili, yaani kura 233, Spika anamwarifu mwenzake wa Seneti ndani ya siku mbili. Spika wa Seneti ana siku saba kuita kikao cha kusikiliza mashtaka. Seneti inaweza kuunda kamati ya maseneta 11 ya kuchunguza, nayo ina siku kumi kuleta ripoti. Rais ana haki ya kufika au kuwakilishwa mbele yake. Kisha kura: theluthi mbili ya maseneta wote 67, maana yake 45. Shtaka moja tu likipita linatosha. Dakika ile ile yeye si Rais tena.

Angalieni neno "wote". Hesabu haifanywi kwa waliokuja kikaoni. Mbunge aliyekwenda msalani wakati wa kura amepiga kura ya kumwokoa Rais, atake asitake.

Kesi ikiwa bado Seneti, Rais anaendelea kuamuru?

Ndiyo. Ibara ya 145 inasema wazi kwamba anaendelea na kazi mpaka Seneti iamue. Anasaini, anateua, anasafiri.

Korea Kusini wamechagua kinyume chake. Kule bunge likishapiga kura ya kumshtaki rais, mamlaka yake yanasimama papo hapo na waziri mkuu anakaimu huku Mahakama ya Katiba ikitafakari. Desemba 2024 Rais Yoon Suk Yeol alitangaza sheria ya kijeshi usiku wa tarehe 3. Tarehe 14 akashtakiwa na bunge, na Waziri Mkuu Han Duck-soo akashika nafasi. Hazikupita wiki mbili, tarehe 27, bunge likamshtaki Han naye, na mamlaka yakamwangukia waziri wa fedha, Choi Sang-mok. Machi 2025 mahakama ikamrudisha Han kazini. Aprili ikamwondoa Yoon kabisa. Mei Han akajiuzulu, na waziri wa elimu, Lee Ju-ho, akakaimu. Juni 3 watu wakapiga kura. Makaimu watatu, kupokezana mara nne, ndani ya nusu mwaka.

Faida ya njia ya Korea ni kwamba mshtakiwa hapati nafasi ya kuharibu ushahidi akiwa bado na funguo. Hasara yake mmeiona. Mimi naona yetu ina hatari kubwa zaidi, na nitaieleza kwenye swali la Rais anayejichagulia mrithi.

Kwa nini watu husema Marekani iliwahi kuwa na rais ambaye hakuna aliyempigia kura?

Kwa sababu ni kweli, na kisa chenyewe ndicho kinachofundisha urithi kuliko kifungu chochote.

Juni 17, 1972, wanaume watano walikamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic katika jengo la Watergate, Washington. Nyuzi zikafuatwa polepole mpaka zikafika kwa wasaidizi wa Nixon. Lakini wakati macho yote yako kwa Nixon, kashfa nyingine, isiyohusiana kabisa na ile, ikamnasa makamu wake, Spiro Agnew. Alituhumiwa kupokea rushwa za makandarasi tangu alipokuwa kiongozi huko Maryland. Oktoba 10, 1973 akajiuzulu, na mahakamani akaacha kupinga shtaka la kukwepa kodi. Akatozwa faini ya dola 10,000 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka mitatu.

Hapo kiti cha pili kikawa wazi, na cha kwanza kinatikisika. Aliyefuata katika foleni alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, Carl Albert, ambaye alikuwa wa chama cha upinzani. Kwa karibu miezi miwili, Nixon angeanguka, Ikulu ya Washington ingehamia chama kingine bila kura hata moja. Upinzani ungeweza kuburuta miguu katika kumthibitisha makamu mpya, na wapo waliotaka hivyo. Haikufanyika. Nixon alimteua Gerald Ford, mbunge wa Michigan, kwa kutumia marekebisho ya 25 ya Katiba, yaliyokuwa na umri wa miaka sita tu. Seneti ikamkubali kwa kura 92 dhidi ya 3, Baraza kwa 387 dhidi ya 35, na Desemba 6 akaapishwa.

Mwaka uliofuata mambo yakaenda mbio. Julai 24, 1974 Mahakama ya Juu, majaji wanane kwa hakuna, ikamwamuru Nixon atoe kanda za mazungumzo yake. Kamati ya sheria ya Baraza ikapitisha mashtaka matatu. Agosti 7 wazee wa chama chake mwenyewe, Seneta Barry Goldwater akiwemo, wakamwendea na kumwambia kura za kumwokoa hazipo. Agosti 9, saa sita adhuhuri, akaondoka. (Mkisikia mtu anasema Nixon alibanduliwa, mrekebisheni. Alikimbia kabla Baraza zima halijapiga kura.) Ford akawa rais. Naye akamteua Nelson Rockefeller kuwa makamu, akathibitishwa Desemba. Ikawa nchi nzima inaongozwa na watu wawili ambao hakuna mpiga kura aliyewachagua kwa nafasi hizo, na kila hatua ilikuwa halali.

Basi Rais anayezama anaweza kujichagulia mrithi?

Nixon alifanya hivyo, sivyo? Na hapa Kenya mlango ni huo huo. Ibara ya 149: kiti cha Naibu wa Rais kikiwa wazi, Rais ana siku 14 kumteua mwingine, na Bunge la Kitaifa lina siku 60 kupiga kura. Unganisheni na lile la juu, kwamba Rais aliyeshtakiwa anaendelea na kazi zake zote. Maana yake, Rais anayejua siku zake zinahesabika anaweza kwanza kumpata naibu mpya, mtu wake, kisha akaondoka na kumwachia kiti hadi mwisho wa muhula. Kizuizi pekee ni wabunge. Kama wamekasirika kiasi cha kumng'oa yeye, huenda wakamkataa na mteule wake. Au huenda wakamkubali ili wasirudi debeni mapema na wao wenyewe wakaulizwa maswali. Nawafahamu waheshimiwa kiasi cha kutoweka dau.

Oktoba 2024, kwa zile wiki mbili, nani alikuwa wa pili?

Tarehe 8 Oktoba Bunge la Kitaifa lilimbandua Rigathi Gachagua kwa kura 281 dhidi ya 44. Tarehe 17 Seneti ikakubali mashtaka matano kati ya 11, mwenyewe akiwa hospitalini. Asubuhi yake Rais Ruto akamteua Kithure Kindiki, na wabunge wakampitisha siku hiyo hiyo kwa kura 236. Katiba inawapa siku 60. Wao walitumia saa chache. Mahakama Kuu ikaingilia na kusimamisha mambo, amri zikaondolewa Oktoba 31, na Kindiki akaapishwa Novemba 1.

Kwa hiyo, kuanzia tarehe 17 mpaka Novemba 1 nchi ilikuwa na naibu aliyeondolewa, naibu mteule asiyeapishwa, na kesi katikati. Lau kiti cha Rais kingekuwa wazi katika siku hizo, macho yangemgeukia Spika Moses Wetang'ula na uchaguzi wa siku 60, huku mawakili wakigombania iwapo Gachagua alikuwa ametoka kweli au bado. Watu walizungumzia sana matusi na makabila wakati ule. Pengo hili halikuzungumzwa, nami naona ndilo lililokuwa zito.

Ni kweli urithi wa kwanza wa urais ulitokea hapa Mombasa?

Ni kweli, ingawa haukuwa wa kashfa. Mzee Jomo Kenyatta alifariki alfajiri ya Agosti 22, 1978 katika Ikulu ya Mombasa, huku kwetu Kizingo. Mkuu wa mkoa wa Pwani alikuwa Eliud Mahihu. Makamu wa Rais, Daniel arap Moi, alikuwa kwake Kabarak. Akaitwa Nairobi na siku hiyo hiyo akaapishwa.

Vijana hudhani ilikuwa rahisi. Katiba ya zamani ilimpa makamu siku 90 tu za kukaimu kabla ya uchaguzi, na mwaka 1976 kundi la vigogo lilifanya kampeni ya kuibadilisha ili hata hizo 90 asizipate. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawazima kwa taarifa fupi: kuwaza au kupanga kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Kampeni ikafa. Moi alimaliza siku zake bila mpinzani, akawa Rais kamili Oktoba 1978, na akakaa mpaka 2002. Kaimu wa siku 90 alitawala miaka 24.

Ndiyo maana nawaambia watu wasidharau kifungu cha kaimu kwa kuwa kinaonekana cha muda.

Majirani zetu je? Nina ndugu Tanga na Unguja.

Tanzania ni kama sisi: makamu anamaliza muhula. Rais Magufuli alifariki Machi 17, 2021, Samia Suluhu Hassan akaapishwa Machi 19. Ukitaka mfano wa mtu kung'olewa na msukosuko wa kisiasa, waulize wazee wa Unguja habari ya Januari 1984. Aboud Jumbe alijiuzulu urais wa Zanzibar pamoja na umakamu wa Muungano, na Ali Hassan Mwinyi akashika Zanzibar. Wenyewe wanakuita kuchafuka kwa hali ya hewa. Haikutimia miaka miwili, Novemba 1985, Mwinyi alikuwa Rais wa Muungano mzima.

Rais akifuta mawaziri wote, serikali si imeanguka?

Hapana. Julai 11, 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya mswada wa fedha, Rais Ruto alifuta karibu baraza zima pamoja na Mwanasheria Mkuu, akambakisha Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi. Naibu wa Rais hakuguswa, kwa sababu hafutiki. Lazima apitie Bunge. Mawaziri ni wa Rais, huwateua na kuwatimua. Kuondoka kwao hakufungui kiti cha urais.

Kashfa zetu za zamani ziliishia hapo pembeni. Februari 2006 Anglo Leasing, kashfa ya kandarasi hewa, ilimtoa waziri wa fedha, David Mwiraria. Siku chache baadaye Kiraitu Murungi naye akakaa kando kwa Anglo Leasing hiyo hiyo, na George Saitoti kwa ajili ya Goldenberg, kashfa ya dhahabu hewa. Kabla mwaka haujaisha, Kiraitu na Saitoti walikuwa wamerudi barazani. Mti ulipukutika majani, shina halikutikisika.

Bunge nalo linavunjwa?

La. Wabunge, maseneta, magavana na wawakilishi wa wadi wanabaki. Mombasa itaendelea kuwa na gavana wake.

Anayerithi, ule muda unahesabiwa kuwa muhula?

Inategemea kalenda. Akiingia ikiwa imebaki zaidi ya miaka miwili na nusu kabla ya uchaguzi wa kawaida, amehesabiwa muhula mzima na amebakiwa na mmoja tu. Ikiwa imebaki miaka miwili na nusu au chini, haikuhesabiwa kitu, na anaweza kugombea miwili yake kamili. Kwa muhula ulioanza 2022, uchaguzi unaofuata ni Agosti 10, 2027, kwa hiyo mstari ulikuwa Februari 2025. Mwanasiasa anayejua hesabu hii ana subira ya ajabu.

Kukaimu na kurithi vina tofauti gani?

Kubwa. Oktoba 2014 Rais Uhuru Kenyatta alipokwenda The Hague kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alimwachia William Ruto mamlaka kwa siku chache, akisema anakwenda kama mtu binafsi. Huko ni kukaimu tu. Ibara ya 134 inamfunga mikono kaimu wa namna hiyo: hateui majaji, mawaziri wala mabalozi, hasamehi wafungwa, hatoi nishani. Aliyerithi kwa Ibara ya 146 hana kamba hizo. Yeye ni Rais.

Akishatoka, anashtakiwa?

Anaweza. Kinga ya Ibara ya 143 inadumu akiwa kitini tu, na miaka ile haihesabiwi katika ukomo wa muda wa kufungua kesi. Kwa makosa ambayo mkataba wa kimataifa tuliousaini unakataza kinga, hata akiwa kitini hana pa kujificha.

Msamaha ndio unaowachanganya watu. Septemba 8, 1974, mwezi mmoja baada ya kuingia, Ford alimsamehe Nixon makosa yote ambayo pengine alitenda, kabla hata hajashtakiwa. Wengi waliona ni biashara iliyopangwa, na 1976 Ford akashindwa na Jimmy Carter. Kwetu msamaha wa namna hiyo haupo: Ibara ya 133 inaruhusu kumsamehe mtu aliyekwisha patikana na hatia, tena kwa ushauri wa kamati. Mrithi hawezi kumfunika aliyemtangulia kabla hakimu hajasema.

Jeshi linaingia wapi?

Haliingii. Ibara ya 3 inaharamisha kuunda serikali kinyume cha Katiba. Waliojaribu Agosti 1, 1982 walishindwa kabla ya jua kutua.

Na Spika naye akiwa ndani ya kashfa hiyo hiyo?

Mwenzetu mmoja, dereva wa tuktuk, aliuliza hili na baraza zima likacheka, kisha likanyamaza. Wamarekani wana orodha ya watu 18: makamu, spika, rais wa muda wa Seneti, halafu mawaziri kuanzia wa mambo ya nje. Ibara yetu ya 146 inataja Naibu, inataja Spika, inaishia hapo. Wabunge wanaweza kumwondoa Spika wao kwa theluthi mbili na kuchagua mwingine, kwa hiyo dawa ipo, mradi wawahi kabla ya kiti cha Rais kuwa wazi.

Nisome wapi mwenyewe?

Katiba, Sura ya Tisa. Usianze na Ibara ya 129, utasinzia. Anza na 145, nenda 146, kisha 149, halafu rudi 143 na kahawa ikiwa bado moto.